Siku Mama Kijiko Alipouliza "Nani Mwingine?"

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika kituo chetu cha watoto wenye ulemavu, Mama Kijiko anastaafu rasmi tarehe thelathini mwezi huu. Alipotutangazia katika kikao cha asubuhi, tulicheka tukidhani ni mizaha yake. Alipoanza kugawa mito yake ya mazoezi ndipo tulipopigwa na butwaa.

Alikuja hapa akiwa msichana mwembamba, mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Kazi aliyoipenda kuliko zote ni kuwafundisha wazazi kumlisha mtoto asiyeweza kumeza vizuri: kumkalisha, kumshika kidevu, kumsubiri. Ndipo jina lilipotoka, likamganda, hata mkurugenzi akamwita hivyo mbele ya wageni. Na sauti yake! Mzazi mwenye pupa aliisikia akiwa bado mlangoni: "Dada, hicho ni kinywa, si gunia!"

Asubuhi moja wazazi walikuwa wameketi kwenye mikeka, watoto mapajani. Mama mmoja, fundi cherehani, mwenye binti mwenye mtindio wa ubongo, aliulizwa kama ana swali. Akasema taratibu, kama mtu anayeomba maji ya kunywa: "Mimi kila siku namwomba Mungu amchukue mwanangu kabla hajanichukua mimi."

Bakuli nililoshika liliniponyoka. Afisa wetu wa ustawi wa jamii alikwisha kusimama, uso umembadilika. Tukamtazama Mama Kijiko, tukingoja radi. Yeye akaweka kijiko chini, akauliza kwa sauti ya chini ambayo hatukuwahi kuisikia kwake:

"Nani mwingine?"

Mkono wa kwanza kuinuka ulikuwa wa fundi wa kuchomelea, mwanamume ambaye tangu aanze kuja hakuwahi kusema zaidi ya salamu. Kisha mwingine. Kisha karibu wote. Mshtuko ule haujanitoka mpaka leo. Tulikuwa tukiwaonyesha watu hawa jinsi ya kunyoosha miguu ya watoto, kumbe hatukujua wamebeba nini vifuani.

Mama Kijiko akamgeukia yule fundi cherehani: "Mdogo wangu, ukiugua wewe, nani anamlisha mtoto?"

"Hakuna. Baba yake anaogopa atapaliwa."

"Jumatatu mlete. Aje aogopee hapa."

Baba akaja. Mtoto alipokohoa tu, akatoka mbio mpaka getini. Mama Kijiko akamfuata, akamrudisha kwa kumvuta mkono wa shati. Baba akajaribu tena, mpaka binti akameza viazi vilivyopondwa, akacheka, na vilivyobaki mdomoni vikamrukia baba kifuani. Baba mtu akalia mbele yetu sote.

Ndivyo lilivyozaliwa Darasa la Ndugu. Mashangazi, wajomba, kaka, babu, wote wakaja kujifunza, ili mzigo usimlemee mtu mmoja. Mwaka uliofuata yule mama alifanyiwa upasuaji, akalazwa majuma kadhaa. Alirudi nyumbani roho mkononi, akamkuta binti amenenepa. Akashangaa, na nadhani alinuna kidogo. Alituambia ile dua bado humjia siku moja moja, ila si kila siku.

Juma hili Mama Kijiko ametushtua tena. Tulipouliza nani atasaidiana nasi katika darasa, alisema ameshazungumza na yule baba aliyekimbia, naye amekubali.

"Yeye anaujua woga," akasema. "Mimi sikuwahi kukiogopa kijiko."

Asante, Mama Kijiko, kwa makelele yako na kwa ile sauti ya chini. Nenda ukapumzike, ule chakula kikiwa bado cha moto, ulale bila kuamshwa na mtu. Tunakuombea siku njema, nyingi, na afya ya kuzifaidi.