Mfuko wa Njia

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Hapana, hiyo ni sauti ya watu walioshiba. Bwana asifiwe! Haya, sasa nasikia. Mniwie radhi nikipaza sauti leo. Nimekuja kushuhudia wema wa Mungu, na nimekuja na hasira. Mchungaji anajua, nilimwambia pale mlangoni. Akasema, "Mama Espérance, sema tu, usitukane." Nitajitahidi.

Mnanifahamu hapa Mushaki. Mimi ni komisionere wa mizigo. Mkulima ananiletea maharagi yake, mimi natafuta gari, naunganisha mizigo ya watu wengi kwenye gari moja, na ninawajibika nayo mpaka ifike mkononi mwa mwenyewe kule Walikale. Gari likirudi linaleta mawese. Wako wanaodhani hii ni kazi ya kukaa kando ya barabara na kubonyeza telefone. Waje wajaribu wiki moja tu, nami nitakaa kwenye hicho kiti chao!

Kazi yenyewe imebadilika, ndugu zangu. Zamani Fuso ilifika hadi mwisho wa safari. Siku hizi matope yakizidi tunashusha mizigo katikati ya njia na kuipandisha kwenye pikipiki. Mteja wa sasa anataka atumiwe picha ya mfuko wake kila mahali unapolala, kana kwamba ni mtoto aliyekwenda shuleni. Na kitu kilichobadilika kuliko vyote ni bariyere. Mti umelazwa barabarani, wanaume wenye bunduki wamekaa pembeni, na hakuna mzigo unaopita bure. Ukiondolewa mmoja huku, inazaliwa miwili kule mbele.

Sasa, yuko bosi mmoja wa mizigo, Papa Musafiri, mwenye magari yake. Huyo alitukusanya makomisionere wote wa barabara hii atufundishe siri za kufaulu katika biashara. Alikuja na viatu vinavyong'aa, akasimama juu ya kipande cha ubao ili visiguse matope. Akatuambia, "Wamama, soko imebadilika. Client haulize muzigo ilipita namna gani. Anauliza kama ilifika. Muzoee hali!"

Na siri yake kubwa ilikuwa nini? Mfuko wa njia! Ninyi mnaujua, msinitazame hivyo. Kila anayetuma mzigo anachota maharagi kidogo, tunayakusanya kwenye mfuko mmoja, tunauweka nyuma kabisa ya gari, mdomo wazi, haukushonwa. Tukifika bariyere, wenye bunduki wanachovya basini yao ya plastiki, wanajaza, mti unainuliwa. Hakuna maneno, hakuna kuchelewa. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba kilijaa kwao.

Tuliuzoea. Mazoea yana taabu, ndugu zangu! Mkulima alikuja na mizigo yake na sehemu ya wezi tayari ameitenga mwenyewe, kwenye kitambaa safi, amechagua hadi mawe akayatoa! Na hapa, katika nyumba hii ya Mungu, Jumapili kabla ya safari, tuliuleta ule mfuko mbele, tukaunyooshea mikono, tukaomba. Tuliomba nini? Kwamba utoshe! Hatukuomba wezi waondoke. Tuliomba wezi washibe! Nikikumbuka zile Amina zetu, mwili wangu unachemka.

Basi mvua zikaanza. Watu wa Kibua, kule Walikale, walikuwa wamekimbia vita, wamerudi kwenye mashamba yao, wamelima, na hawana cha kupanda. Mbegu yote ilikuwa imeliwa. Ndugu zetu wa Kibabi wakasikia, wakatoa mbegu ya maharagi, ile nzuri waliyoihifadhi kwa majivu. Wakaniletea mimi niipeleke. Mbegu, ndugu zangu, si chakula. Ikichelewa, mvua inapita, na watu wanakaa na njaa mpaka msimu mwingine. Papa mmoja wa Kibabi aliyeileta alinishika mkono. "Mama, hii isikawie. Mimi najua kukala na shamba tupu." Nikamjibu itafika. Niliapa.

Tukapakia, na mfuko wa njia tukauweka nyuma kama kawaida. Nilipanda mwenyewe mbele na dereva. Tukapita Masisi, tukaanza kushuka kuelekea msitu. Kila kona, mti! Kila mti, basini! Safari hii bariyere zilikuwa zimeongezeka kama uyoga, na kabla hatujafika nusu ya mteremko ule mfuko ulikuwa mtupu. Ule tuliouombea utoshe! Haukutosha.

Tukafika bariyere nyingine. Mkubwa wao alizunguka nyuma ya gari, akautikisa mfuko mtupu, akaja dirishani kwangu. Hakuwa hata na haraka.

"Mama, fungula mifuko ingine."

Nikamwambia, "Chef, ile iko mbegu. Watu ya Kibua wanaingojea."

"Mbegu ao chakula, yote iko maharagi. Fungula, ao gari inalala hapa."

Nikampigia Papa Musafiri. Namba ya bosi mwenye siri za kufaulu! Akajibu kwa utulivu wote wa mtu aliyekaa penye sakafu kavu: "Mama Espérance, toa nusu, nusu ingine ifike. Hiyo njo biashara." Ndugu zangu, nusu! Wale wenye mashamba, nusu wapande, nusu wafe? Nilikata simu. Nikashuka, nikakaa juu ya jiwe, nikamgombeza Mungu. Ndiyo, nilimgombeza! Nikamwambia, Baba, mimi nimefunga, nimeomba, nimekuimbia. Tuma malaika sasa hivi, ao niambie wazi kwamba barabara hii umewaachia hawa.

Gari lililala pale. Mkubwa alingoja tu, alijua tutachoka kabla yake.

Asubuhi tukasikia watu wanapanda mteremko. Walikuwa wamama. Wamama wa Kibua! Walikuwa wamesikia kwa mwenye pikipiki mmoja aliyetupita pale kwamba mbegu yao imekwama, wakatoka na vikapu na kamba za kubebea, wakatembea. Matope yamewafika magotini, na wengine wamebeba watoto mgongoni. Hawakunisalimu. Walikwenda moja kwa moja nyuma ya gari, wakaanza kushusha mifuko.

Mkubwa akapiga risasi juu. Wote tukalala chini, na mimi wa kwanza. Kisha mama mmoja, ambaye baadaye nilijua anaitwa Mama Furaha, akainuka na matope usoni, akamtazama mmoja wa wale wenye bunduki, kijana mwenye kofia nyekundu. Akamwita kwa jina.

"Hangi! Njo weye?"

Kijana akageuza uso.

"Nakuita, usigeuke! Mimi mama yako nimelima ile shamba ya mutoni na mikono yangu. Kila siku naomba Mungu kama uko muzima. Leo nakukuta unakula mbegu yangu? Nikufe na njaa, utamuzika nani, mukubwa wako ao miye?"

Mkubwa akamwambia Hangi amtoe mama yule barabarani. Hangi hakusogea. Mkubwa akarudia kwa ukali. Kijana akasema, kwa sauti ndogo mno, "Chef, iko mama yangu." Na wale wengine, ndugu zangu, wakaanza kutazama chini! Nadhani kila mmoja aliogopa kuinua macho asije akamwona wa kwake kati ya wale wamama.

Mti haukuinuliwa. Hakuna aliyetubu, sitawadanganya. Lakini wamama waligawana mbegu, wakafunga kamba, wakainama, wakapita chini ya mti mmoja mmoja na mizigo migongoni, na hakuna aliyethubutu kuchovya basini. Mimi pia nilibeba. Mgongo huu mnaouona! Tulifika Kibua tukiwa na mbegu yote tuliyokuwa nayo kwenye ile bariyere, na kesho yake ikaingia ardhini. Haleluya! Niliomba malaika, Bwana akanitumia wenye shamba.

Papa Musafiri aliponiona aliniambia nimeharibu biashara. Nikamjibu mbele ya watu kwamba biashara yake nimeipa kisogo. Bado nina hasira naye, na nina hasira na sisi pia, tuliomfundisha mwizi kwamba fungu lake tutamletea sisi wenyewe, limeombewa. Sitaubeba tena mfuko wa njia. Siku hizi mzigo wangu unasindikizwa na wenyewe: wa huku wanautembeza hadi katikati ya mteremko, wa kule wanakuja kuupokea. Ni wa polepole. Picha sitawatumia. Lakini mwizi akiinua macho, anakutana na shangazi yake.

Namshukuru Mungu aliyenitoa pale nikiwa hai. Yeye anaaminika, ndugu zangu, mtegemeeni! Ila leo msinijibu Amina, nimezisikia za kutosha. Wamama wa Kibua wametoka kwao tangu alfajiri hii, wana mawese yenu migongoni, watalala njiani, na kesho watafika kwenye ule mti. Mimi nashuka kuwapokea baada ya ibada. Nani anakuja nami?