Namba ya Mwenzake

Kilichotangulia kumvutia Nayra ni kitambulisho shingoni mwa dada aliyeketi mbele yake na kijana mmoja: ofisi ya kutafuta ndugu waliopotea. Kibanda cha abiria kilikuwa kinateremka kwa nyaya kutoka El Alto, mji wa juu mlimani.

"Ramiro, ukishaingiza jina, namba yake unaipataje?" yule dada alimwuliza kijana.

"Nachukua iliyo kubwa kuliko zote kwenye mashine, Zulma. Si ndiyo ya mwisho?"

"Ya mwisho ya nani, bwana wee? Wawili wakiingizwa pamoja, unampa huyu namba ya yule! Iulize mashine palepale: mimi umenipa ipi?"

"Ni mara chache, bosi."

"Basi kuna anayeletewa habari za ndugu wa mwenzake."

Kibanda kikafika kituoni, wawili wale wakashuka wakibishana. Nayra aliishika karatasi aliyopewa na ofisi ile, namba 4118. Kwa miaka mitatu namba hiyo ilikuwa imemletea habari za mzee asiyemjua, naye akiona haya kuuliza.

"Mimi namtafuta dada yangu, Wara," aliwaambia kwa sauti, mlango ungali wazi.