Rula Chini ya Mstari wa Maji

Baada ya miaka thelathini na mmoja na miezi minne ya kazi, msaidizi wetu wa maabara, anayejulikana kiwandani kote kwa jina la Bi Rula, anastaafu Ijumaa, tarehe 30 Juni. Wasifu wake ulikuwa umekwisha kuandikwa, nao ulikuwa mtulivu kama ilivyo desturi. Umechanwa. Yaliyotokea Jumatatu ya wiki iliyopita si haki yafichwe chini ya sifa za kawaida.

Bi Rula aliingia kiwanda hiki cha nguo akiwa mwosha chupa. Hakuwa na cheti cha kemia, wala hajawahi kujidai kuwa nacho. Katika mwaka wake wa kwanza alisoma mstari usio sahihi kwenye jedwali la vipimo, na marobota kumi na mawili ya kitambaa cheupe yakatoka manjano kama kiini cha yai. Tangu siku hiyo hakusoma jedwali lolote bila kuweka rula ya mbao chini ya mstari, mtu mmoja akisoma kwa sauti na mwingine akiandika. Mume wake, ambaye ni fundi saa, hulalamika kwamba hata gazeti husomwa nyumbani kwa rula.

Jedwali alilolitunza kuliko yote ni lile la enthalpi za uundaji, lililobandikwa karibu na sinki. Linaonyesha joto linalotoka au kuingia moli moja ya kitu, kipimo cha wingi cha wanakemia, inapoundwa kutokana na elementi zake. Kwa jedwali hilo mtu hujua joto la mmenyuko kabla hajaufanya: hujumlisha tarakimu za mazao, kisha akatoa jumla ya vitendanishi, yaani vitu vilivyochanganywa. Ni hesabu ya dakika mbili. Hatari imo katika kusoma, kwani maji yana mistari miwili: maji ya kimiminika, hasi 286, na chini yake mvuke, hasi 242.

Mwezi huu kiwanda kilijenga tangi la kuharibu dawa ya kupausha iliyopitwa na wakati, yaani haidrojeni peroksidi. Dawa hiyo ikikutana na kichocheo huvunjika, ikawa maji na oksijeni, na hutoa joto. Mkuu wa maabara ndiye aliyekokotoa joto hilo, ili mafundi wajue ukubwa wa mabomba ya kupozea. Bi Rula alimpelekea rula yake. Mkuu alimjibu, "Bibi, mimi nilikuwa nikilisoma jedwali hili kabla hujaajiriwa." Bi Rula akairudisha rula mfukoni. Hesabu ikatoka kilojuli 54 kwa kila moli, ikatiwa saini, mabomba yakafungwa.

Mkuu huyo ndiye mwandishi wa wasifu huu.

Jumatatu, nusu saa kabla ya tangi kuwashwa, Bi Rula aliiona karatasi ya hesabu ikiwa imebandikwa ukutani kando ya tangi, na tarakimu moja ikamtia shaka. Juu ya jukwaa walisimama mafundi wawili, mmoja wao baba wa mapacha wa miezi mitatu. Bila kumwambia mtu neno, aliung'oa usukani wa vali ya kuingizia dawa tangini, akautia kikapuni na kuondoka nao. Meneja alipiga kelele iliyosikika hadi stoo: "Nani kaondoka na usukani wangu?" Kisha akaamuru Bi Rula aandikiwe barua ya onyo papo hapo. Mkuu wa maabara aliiandika, mistari saba, na hakuona haya. Faili safi la miaka thelathini na mmoja likatiwa doa siku kumi na moja kabla ya kufungwa.

Bi Rula aliisoma barua, akaikunja. Akasema, "Nimeipokea, mzee. Sasa njoo tusome."

Alikuwa amekwisha kumimina dawa hafifu ndani ya chupa yake mwenyewe ya chai, akaitia chembe ya kichocheo na kuacha mdomo wa chupa wazi. Kwa hesabu iliyotiwa saini, joto lilipaswa kupanda nyuzi kumi na moja. Lilipanda ishirini. Mkuu akaiweka rula chini ya mstari alioutumia, akasoma kwa sauti: "Maji, mvuke." Kisha akaisogeza rula juu, kwenye mstari wa maji ya kimiminika. Maji ya tangini hayakuwa mvuke. Hasi 286, ukitoa hasi 188 ya dawa, ni hasi 98, si hasi 54. Mabomba yalikuwa ya kupoza nusu tu ya joto, na dawa ya tangini ilikuwa kali mara nne kuliko ile ya chupani. Ingechemka chini ya miguu ya mafundi wale wawili.

Meneja aliposikia alikaa juu ya pipa. Mkuu aliomba barua iondolewe. Meneja akajibu kwamba barua ikishasajiliwa haitoki. Basi imebaki, ila imehamishiwa faili la mtu aliyestahili kuipokea, na jina la juu limebadilishwa. Faili la Bi Rula linafungwa jinsi lilivyofunguliwa, bila doa. La mwandishi lina barua moja, nayo ni ya haki.

Bi Rula, tunakushukuru kwa kila mstari uliotusomea. Chupa yako ya chai haifai tena kwa chai. Pokea hii mpya kutoka kwetu sote, pamoja na salamu za mama wa mapacha. Rula umeiacha kwenye droo ya mkuu wako, naye hatasoma tena bila kuiweka. Nenda ukapumzike kwa furaha na afya njema, na fundi saa akuvumilie.