Jicho Ambalo Mzee Mihayo na Mkewe Walilitilia Shaka

Leo hapa Kalangalala tunamsindikiza Mzee Mihayo Ngusa, aliyezaliwa Masumbwe tarehe 14 Machi 1961. Alisoma huko huko hadi darasa la saba, mwaka 1976. Tarehe 6 Septemba 1986 alifunga ndoa na Serafina.

Alilima pamba, kisha akaingia machimboni, na kazi aliimalizia Mwakitolyo. Kwenye karasha, ile mashine ya kusagia mawe ya dhahabu, alikalia mwenyewe viroba vyake vya mawe hadi kiroba cha mwisho kisagwe, chakula akiletewa papo hapo. Hakumwamini mtu, jamani, hata ndugu zake wa damu.

Mwaka 2009 macho yalianza kufifia. Kufikia 2014 ilikuwa giza tupu. Machi 2023 madaktari wa utafiti walimpandikizia katika jicho la kulia kipande cha retina, ile ngozi nyembamba ya ndani inayopokea mwanga, kutoka kwa marehemu aliyeridhia. Ukoo ulinung'unika kwamba ataona ya wafu. Miezi sita baadaye madaktari walimbandika nyaya kichwani, wakamulika jicho, wakasema ile sehemu ya ubongo inayohusika na kuona imeanza kuitikia. Mzee akahisi anachezewa. Kwa Kisukuma akamwagiza Serafina aizibe taa kwa kitenge bila kumwambia daktari. Mstari kwenye skrini ukalala. Alipotoa kitenge, ukaruka. Daktari alipogundua alicheka sana.

Mzee akaridhika, lakini shaka ikahamia kwa Serafina. Ubongo unaitikia, mbona mume hajui mkewe amevaa nini? Daktari alieleza kuwa ubongo unajifunza upya, polepole. Mzee alidai anaona mwanga kidogo. Mkewe aliogopa kwamba anamfariji tu, na hofu hiyo ilimkondesha. Akawa anavua ndala na kusimama mbele yake kimya. Zaidi ya mwaka mzima, Mzee hakushtuka hata mara moja.

Kilichomuua ni vumbi la mawe kifuani, wala si jicho. Wanaonong'ona huko nyuma wasikie. Asubuhi ya tarehe 9 Februari 2025 Serafina alisimama tena kando ya kitanda, miguu peku, pumzi ameibana.

"Mama Loveness," Mzee akasema, "hebu sogea kidogo. Unanizibia dirisha."

Serafina alisogea, akalia kwa furaha na aibu. Mzee alifariki saa saba mchana, uso ameuelekeza dirishani.

Ameacha mjane, watoto watatu, Loveness, Abel na Aneth, na wajukuu saba. Mungu ampokee, ampumzishe.