Mama Shuka na Mgonjwa Wake wa Wodi ya Wanaume

Waombolezaji, majirani zake wa zamani, na nyinyi mliokuja kwa ajili ya watoto wake bila kumjua yeye, poleni na nawashukuru kwa kufika.

Nasoma kwa niaba ya familia, kwa kuwa wanawe wameniomba, na kwa kuwa kitanda changu katika makazi ya wazee kimepakana na chake. Mwanawe mkubwa ameninong'oneza pale nje, mama mdogo, lile la benchi tafadhali liruke, nami namjibu mbele yenu kwamba marehemu, akiwa bado na sauti, alinishika mkono akaniagiza benchi lisirukwe, na kati ya hao wawili, ninayemwogopa ni huyu aliyelala hapa.

Marehemu, ambaye wengi tulimwita Mama Shuka, alizaliwa mwaka 1947, mtoto wa tatu wa mchonga mawe na mkewe. Tarehe hakuna aliyeiandika, hivyo karani wa vitambulisho alimpachika tarehe mosi Januari kama alivyowapachika wenzake wa rika lile, naye akawa anasema kwamba amezaliwa siku moja na nusu ya nchi na hakuna hata mmoja aliyewahi kumwita kula keki. Alianza shule mwaka 1956, akasoma hadi darasa la nne, akatolewa akalee wadogo zake.

Februari 1968 aliajiriwa katika chumba cha kufulia cha hospitali kuu, akafua shuka za wagonjwa, za wazazi na za maiti, kwa sabuni iliyomchuna vidole mpaka kucha zikawa hazioti sawasawa, na jina lake alilipata humo, kwa sababu hakustahimili kuona kona ya shuka imekunjwa ovyo, hata kama kitanda si chake.

Tarehe 14 Agosti 1971 alifunga ndoa na dereva wa gari la wagonjwa wa hospitali hiyohiyo, mtu mpole, mwenye kumwogopa mkewe kama inavyotakiwa, wakajaliwa watoto wanne, mmoja akafariki akiwa mchanga, wakabaki hawa mnaowaona mstari wa mbele, fundi umeme, mwenye duka la vitambaa, na kitinda mimba wetu wa ofisini. Waliwalea katika chumba kimoja cha nyumba za wafanyakazi, pazia katikati, na mume alipofariki mwaka 1994 mama aliendelea peke yake, akawasomesha hadi wa mwisho.

Alistaafu tarehe 30 Juni 2002, na chumba kikaondoka na kazi, akahamia kwa fundi umeme, akalala kwenye kochi la sebuleni, maana yake alilala pale wageni walipochoka kutazama televisheni. Mkamwana alipoanza kuuliza kila asubuhi, mama, leo huendi kumsalimia wifi yangu, marehemu alielewa, akaenda kwa binti yake, akapewa chumba alichogawana na maboksi ya dukani, na maboksi yalipoongezeka, aliyepungua alikuwa yeye. Kitinda mimba alimpokea kwa miezi michache, kisha akahama nyumba, akasema atamwelekeza njia akishatulia, na nadhani bado hajatulia.

Mwezi Mei 2013 marehemu alitia kwenye kikapu chupa ya chai, kanga mbili na bakuli lililofunikwa kitambaa, akaenda kukaa kwenye benchi la ukumbi wa kungojea wa hospitali ile aliyoifulia maisha yake yote. Alikuwa anaujua ule ukumbi, alijua kwamba ndugu wa wagonjwa hulala pale wameketi, na kwamba mwanamke mzee mwenye chupa ya chai haulizwi swali. Ndani ya bakuli hamkuwa na kitu. Fundi umeme akawa anasema mama yuko kwa dada, dada anasema yuko kwa mdogo wetu, mdogo anasema yuko kwa kaka, na wote watatu walikuwa wanasema kwa uso mkavu kabisa, kwa sababu hakuna aliyepiga simu kuhakikisha.

Mlinzi wa mlango ule, ambaye ameketi pale nyuma na kofia yake magotini, alimtambua mapema, lakini hakumfukuza, bali kila jioni alimuuliza kwa sauti kubwa, wakubwa zake wasikie, "Mama, mgonjwa wako wa wodi ya wanaume anaendeleaje?" naye akajibu, "Ana nafuu kidogo, baba, ila kula ndiyo shida." Mwanamke mmoja aliyekuwa anamngojea mumewe alishangaa akasema, "Ugonjwa gani huu, hauponi wala hauui?" na marehemu akamwambia kwamba ni ugonjwa wa ukoo.

Kujilaza pale ni marufuku, anayejilaza hutolewa nje, kwa hiyo zaidi ya miaka miwili marehemu hakuwahi kunyoosha mgongo. Mwezi Oktoba 2015, mvua zikiwa zimekazana, mlinzi aliuliza kama kawaida, naye akajibu, "Leo mgonjwa ni mimi, baba," mlinzi akacheka, kisha akamgusa paji la uso, akaacha kucheka, akambeba mgongoni mpaka kwa daktari. Ilikuwa homa ya mapafu. Alipopona, afisa wa ustawi wa jamii alimtafutia nafasi katika makazi yetu, ambako paa linavuja na sukari huisha kabla ya mwezi, lakini kitanda ni chako.

Hakujilaza. Aliketi kitandani usiku kucha, kikapu mapajani, na msimamizi alipomsihi, alijibu, "Nikijilaza watajua nimehamia." Ilikuwa hivyo mpaka mwaka uliofuata, alipoletwa mgeni mpya, yaani mimi, niliyeketi na furushi langu nikigoma kulifungua, naye akanikemea, "Bibi wee, jilaze, hapa hakuna anayekufukuza." Nikamuuliza mbona yeye amekaa. Akasukuma kikapu uvunguni, akalala chali, akasema, "Haya, umeona? Na wewe sasa."

Moyo ulianza kumsumbua mwaka 2019, na alfajiri ya tarehe 9 Machi 2021 ukasimama, akiwa kitandani kwake. Kwa miaka ile yote pale kwetu fundi umeme alikuwa amekuja kumwona mara moja, na katoni ya sabuni, binti yake mara mbili, na kitinda mimba amefika jana, na shada kubwa kuliko mlango wetu.

Tunamshukuru daktari aliyempokea bila kuuliza kwanza ndugu wako wapi, tunamshukuru afisa wa ustawi, msimamizi, na wenzake wa chumba cha kufulia waliotuma shuka hii mpya aliyofunikwa, ambayo kona zake nimezikunja mwenyewe. Tunamshukuru mlinzi kuliko wote. Marehemu alitaka benchi litajwe, lakini si kwa kuwaaibisha wanawe, hilo wamejifanyia wenyewe, alisema tu kwamba aliwaacha wengine wamekaa pale na vikapu vyao, basi ukipita mlango ule muulize mmoja, kwa sauti, mgonjwa wake anaendeleaje, kisha ungoje jibu.

Pumzika kwa amani, Mama Shuka, na upumzike umejinyoosha, umeshahamia.