Dripu Juu, Pamba Chini

Mheshimiwa Mkurugenzi wa Bohari yetu ya Dawa, wakuu wa idara, ndugu madereva na wapakiaji, wana na wajukuu wa mstaafu wetu, wageni waalikwa, mabibi na mabwana. Ningependa kusema itifaki imezingatiwa nikaendelea, lakini mstaafu mwenyewe amekaa hapo mbele, na angenirudisha nianze upya. Shikamoo, Mama Rula. Jina hilo tumelitumia miaka yote nyuma ya mgongo wako. Leo nimelileta mbele, kwa kuwa huna tena mamlaka ya kunipangia zamu ya Jumamosi.

Nilikuja hapa nikiwa karani, na mfukoni nina karatasi. Mwaka wa kwanza: kazi yenye kuonekana. Mwaka wa pili: niongoze mradi. Mwaka wa tatu: barua ya mapendekezo kutoka kwa mkuu wangu, kisha shule ya biashara, tena si yoyote, ni ile inayopokea mmoja kati ya kumi. Mama Rula aliisoma mara mbili. "Mpango mzuri, mwanangu. Watu wako wapi humu?" Nikadhani ananitania.

Mradi niliusaka kwa tochi. Mama Rula aliposafiri kikazi akaniachia usimamizi, nikaamuru bohari nzima ipangwe kwa alfabeti, A juu, Z chini, nipate kuandika kwenye fomu kwamba nimeongoza mageuzi. Dereva wetu wa mashine ya kunyanyulia mizigo, Mzee Taratibu, aliniita kando. "Binti, sisi hupanga kwa uzito." Nikamjibu kwamba dunia imebadilika. Basi pamba ikashuka chini, dripu ikapanda juu.

Mnacheka? Hata mimi leo nacheka. Siku ya tatu rafu ilikatika katikati, katoni sitini na mbili za dripu zikapasukia sakafuni, na kwa rehema za Mungu hakuna aliyekuwa chini yake. Kisha nikafanya lile ambalo silicheki hata leo: kwenye ripoti niliandika kwamba Mzee Taratibu aliigonga rafu. Akasimamishwa kazi. Alikabidhi funguo, akachukua chupa yake ya chai, akaondoka bila kunitazama.

Mama Rula alirudi Ijumaa, akakuta fomu yangu ya mapendekezo mezani. Mwisho wa kuituma ulikuwa Jumatatu. Aliiacha hapo, akaenda kuchuchumaa mbele ya ile rafu na rula yake, akapima, kisha akaniita. "Rafu iliyogongwa hupinda nguzo. Hii nguzo zake zimenyooka. Nani aliweka dripu juu?" Ndugu zangu, ungekuwa wewe ungejibu nini, na ndoto ya miaka mitatu iko mezani? Mimi nilitazama fomu. Wala hakunigombeza. Aliitia fomu kwenye droo akasema, "Jumatatu saa mbili wote tutakusanyika hapa bohari. Ukiwa na neno, sema."

Nililisema. Nilisema dripu niliipandisha juu mimi, na ripoti ilikuwa uongo wangu. Mzee Taratibu akarejeshwa siku ileile, fomu ikabaki kwenye droo, na mwaka wangu ukapita. Niseme ukweli, Mama Rula: kwa miezi kadhaa nilikuchukia. Nilipokwenda kumwomba radhi Mzee Taratibu, nilijiandaa kutukanwa. Yeye akanipa glavu. "Anza na vya chini." Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nami niliinama miaka miwili, nikaujua uzito wa kila katoni, nikajua nani anauguliwa nyumbani na nani ana mtihani wa jioni, na nikajua kwa nini mpango mwingine watu huufuata na mwingine huukimbia.

Vijana mnaopanga safari kama yangu, pangeni, tena mapema. Sisemi mchane karatasi zenu. Ila kazi ya kwanza msiifanye pambo la fomu, maana kuna watu wanaopita chini ya rafu zenu kila siku.

Nilipoomba tena, Mama Rula aliandika barua siku hiyohiyo, akanipa niisome kabla ya kuituma. Alieleza yote: dripu, ripoti, uongo wangu. Nikasema, "Bosi, umenimaliza!" Akasema, "Nimekuandika wewe. Ulitaka nimwandike nani?" Kwenye usaili karibu kila swali lilihusu Jumatatu ile, na mwezi ujao naanza masomo.

Barua ile iliishia hivi, nimeikariri: "Alisema uongo uliomuumiza mtu, akaufuta mwenyewe mbele ya wenzake thelathini na mmoja. Mkiwa na shaka, waulizeni hao."

Mama Rula, chanda chema huvikwa pete, na pete ya kukutosha mimi sina. Nakushukuru kwa droo ile. Nakushukuru kwa mwaka ulioninyima, kwa kuwa bila huo ningekwenda shule kujifunza kuongoza watu nisiowaona.

Sasa naomba wale thelathini na mmoja wa Jumatatu ile wasimame. Lakini subirini kidogo. Mzee Taratibu, siku ile hukuwepo, na hukuwepo kwa sababu yangu. Leo naomba usimame wa kwanza.

Bosi, uliniuliza watu wako wapi. Hawa hapa.

Kwa masikio mliyoniazima, asanteni sana.