Leonidasi Havyarimana, Msikilizaji Pekee wa Bendi ya Coalrake

Ndugu waombolezaji, tunayemlaza leo, Jumamosi tarehe 23 Agosti 2025, hapa Kitanga, ni Leonidasi Havyarimana, fundi redio. Wengi wenu mna kitu nyumbani kilichopita kwenye bisibisi yake. Wengine mna kitu alichojinyima kwa ajili yenu na hakuwaambia. Familia imeona kisemwe leo, kwa sababu marehemu alikuwa hodari wa kurudisha sauti za watu na mvivu kabisa wa kutumia ya kwake.

Alizaliwa tarehe 3 Juni 1964, Makamba, nchini Burundi. Baba yake hakumjua vizuri. Mwaka 1972, akiwa na miaka minane, mama yake, Immakulata, alivuka naye mpaka pamoja na dada yake Marguerite, wakiwa na sufuria moja na Biblia isiyo na jalada. Walipokelewa Kitanga, wakapewa kipande cha kulima, na hapo ndipo palipokuwa kwao mpaka leo. Uraia wa Tanzania aliupata ukubwani, baada ya kujaza fomu nyingi kuliko kurasa za hiyo Biblia.

Alisoma shule ya msingi ya kijijini kuanzia 1974 hadi 1980. Ripoti yake ya darasa la sita tunayo bado. Mwalimu wa hesabu aliandika, "Anasikiliza sana, hajibu." Hakuchaguliwa kwenda sekondari. Akarudi shambani kwa mama, akalima maharage miaka saba, na inasemekana hata maharage aliyalima bila kuongea.

Mwaka 1987 alipata kibarua kwenye mradi wa visima upande wa Kibondo, chini ya fundi mmoja Mwingereza aliyeitwa Colin, mtu wa kaskazini ya kwao, kwenye miji ya makaa ya mawe. Colin alikuwa na sanduku la bati lenye kanda thelathini na saba. Alizisikiliza kwa spika za masikioni huku akitikisa kichwa, na vibarua walidhani ana degedege. Marehemu hakusikia hata noti moja mwaka mzima. Lakini alijifunza historia yake, kwa maana Colin alipenda kusimulia wakati wa chakula. Kwamba mwishoni mwa miaka ya sabini vijana wa migodini na viwandani huko Uingereza walinunua magitaa ya umeme, wakaunda bendi za muziki mzito, kila mtaa na yake. Chache zikatajirika dunia nzima. Mamia yaliyobaki yalitoa kanda moja, yakapiga kwenye ukumbi wa kanisa mara mbili tatu, kisha waimbaji wakarudi kujenga matofali. Sanduku la Colin lilikuwa la hao waliorudi kwenye matofali.

Mkataba ulipoisha mwaka 1988, Colin alimwachia sanduku pamoja na redio kaseti yake, kwa kuwa mkanda wa ndani unaozungusha mashine ulikuwa umekatika na ilishakuwa mzigo tu. Marehemu aliifungua, akakata ukanda mwembamba kwenye mpira wa ndani wa baiskeli, akaufunga, akabonyeza. Mashine ikazunguka. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake ya kwanza ya ufundi, na kanda aliyoiweka bila kuchagua ilikuwa ya bendi iitwayo Coalrake. Nyimbo nne. Alisema baadaye kwamba ule wa tatu ulipoanza, lile gitaa likitembea chini kwa chini kama ng'ombe anayepanda kilima na mzigo, alikaa chini kwenye udongo.

Alifungua kibanda chake Kibondo mwaka 1990. Jirani yake alikuwa Bibi Shamsi, muuza chai, ambaye yupo nasi hapa na hajawahi kumsamehe.

"Fundi, leo mashine ya kusaga imeamka mapema!" alizoea kupiga kelele kutoka ng'ambo. "Niletee na mimi debe langu la mahindi!"

"Hawa ni vijana wa watu, Bibi."

"Vijana wa watu wamefanywa nini?"

Kwenye sanduku hilo kulikuwa na bendi moja iliyojiita kwa jina la Ibilisi mwenyewe, bila aibu, kwa herufi kubwa. Habari zikafika kanisani. Mzee wa kanisa Nduwayezu alikuja kibandani mwaka 1992 na kibiriti mfukoni.

"Leonidasi, lete hilo sanduku nje. Kuna jina humo Mkristo halitamki."

"Mzee, kaa usikilize mmoja tu. Ukiona unafaa moto, nitawasha mwenyewe."

Mzee akakaa. Akasikiliza wimbo mzima, mikono kwenye magoti. Ulipokwisha akauliza, "Huyu anayelia hivi, amefiwa na nani?"

"Sijui, Mzee. Kiingereza changu kinaishia kwenye vitufe vya redio."

"Basi mwache alie. Ila lile jina ulikwangue."

Alipoulizwa kwa nini hasikilizi muziki wa watu wanaojulikana, alijibu hivi, na ni sentensi ndefu kuliko zote tulizowahi kuzisikia kinywani mwake: "Aliyefanikiwa ana watu wengi wa kumsikiliza. Hawa wana mimi."

Kisha ikaja 1993 na miaka iliyofuata, watu wakavuka kutoka Burundi kwa maelfu. Mnaokumbuka mnajua jinsi habari zilivyokuwa zinasafiri. Barua nyingi hazikuwa na mtu wa kuzisoma upande wa pili, kwa hiyo watu walituma kanda. Mtu anaongea kwenye redio kaseti, anataja nani yuko hai, kanda inafungwa kwenye kitambaa, inapewa anayekwenda. Marehemu alifunga mashine kwenye baiskeli akazunguka hadi Mtendeli na vijiji vya Gwarama. Kanda tupu zilikuwa adimu. Alichokuwa nacho ni sanduku.

Kanda ya muziki ina tundu juu linalozuia kurekodi. Ukiliziba, inakubali. Marehemu alikuwa anatafuna kipande cha karatasi, analiziba, anageuza uso, anabonyeza kitufe chekundu. Bendi moja inakwenda, mama mmoja anaongea. Mzee Nduwayezu mwenyewe alikuja kumtafuta mdogo wake aliyepotelea njiani, na kanda iliyokuwa zamu yake ilikuwa ileile iliyokwanguliwa jina. Akaitazama, akaitambua kwa mikwaruzo. Akasema, "Mungu ana utani," akaanza kuongea. Mdogo wake alipatikana miezi mitano baadaye, na wajukuu wake ndio waliobeba jeneza leo.

Hivyo kanda thelathini na tano zilikwenda. Hakuna aliyeombwa kitu, hakuna aliyeambiwa kilichokuwa chini ya sauti yake. Alipohamia Kasulu mwaka 1996 alibaki na mbili.

Ndipo akaja Chantal, mama yetu. Alikuwa ametoka Uvira, Kongo, akiishi kambi ya Nyarugusu, anauza vitenge. Alileta redio itengenezwe. Ikatengenezwa. Ikaharibika tena kila wiki, na sisi watoto tumeshamuuliza mama nani alikuwa anaiharibu, anacheka tu. Mwaka 1999 walitaka kuoana, na baba yake, Papa Adolphe, alikuwa bado Uvira. Chantal akarekodi ombi lake kwenye kanda moja kati ya zile mbili, mfanyabiashara akavuka nayo ziwa. Baada ya miezi mitatu ilirudi. Papa Adolphe alikuwa amejibu pande zote mbili, kwa sauti nzito, ya taratibu, ya kutisha:

"Chantal, mutoto wangu, juu ya nini unasemaka mbio hivi? Sauti imekuwa kama ya katoto. Huyo mubaba amekusimamia na fimbo? Kama unamupenda kweli, tuma cassette ingine. Sema pole pole, saa nzima, nisikie roho yako."

Mfanyabiashara alikuwa anaondoka asubuhi hiyohiyo, amesimama nje na baiskeli. Maduka hayakuwa na kanda tupu. Marehemu akasema, "Turekodi juu ya hii ya mzee." Chantal akaikumbatia kanda kifuani. Alikuwa hajasikia sauti ya baba yake miaka miwili, na hakuwa tayari kuifuta.

Ilibaki Coalrake.

Mama anasema alimwona akitafuna karatasi muda mrefu mno, akadhani ana njaa. Kisha akaziba tundu, akasema, "Sema. Buhoro buhoro." Akasema saa nzima, taratibu, mpaka mfanyabiashara akasinzia kwenye baiskeli. Jibu la Papa Adolphe lilikuja Desemba kwa maneno matatu: "Sasa nimesikia. Muoane." Walifunga ndoa Kasulu tarehe 12 Februari 2000. Walijaliwa watoto watatu.

Miaka iliyofuata alitengeneza redio, kisha simu, ambazo alizichukia kwa sababu hazina kitu cha kuzunguka ndani. Redio kaseti yake ilibaki mezani, na mtu akileta kanda ya kwaya kuijaribu akalalamika kwamba waimbaji wamelegea, marehemu alimjibu kwamba redio za mjini zote ndizo zinazokimbia. Wimbo wa tatu wa Coalrake alikuwa akiupiga kwa vidole juu ya meza. Tulidhani ni tabia ya mikono tu.

Januari mwaka huu aliugua figo. Alitibiwa Kasulu, kisha hospitali ya rufaa Mwanza, na mwezi wa tatu madaktari walimruhusu arudi nyumbani, kwa lugha ambayo sote tuliielewa. Hapo, kwa mara ya kwanza maishani, aliomba kitu. Alimwita binti yake mkubwa, Irakoze.

"Mwanangu, ile simu yako inajua kila kitu?"

"Karibu kila kitu, Baba."

"Kuna wimbo niliufuta. Nataka niusikie kabla sijakwenda."

Akaeleza yote, mama akiwa mlangoni na bakuli la uji. Ndipo mama alipojua. Akaweka uji chini.

"Kwa hiyo miaka ishirini na tano nimekukalia juu ya bendi?"

"Ulikaa vizuri," akasema Baba.

Irakoze alitafuta kwa miezi. Zile bendi nyingine aliziona karibu zote, maana kumbe huko Ulaya kuna wazee wenye vipara wanaokusanya kanda hizo kama sisi tunavyokusanya madaftari ya vikoba. Coalrake haikuwepo. Baba alikuwa anauliza kila asubuhi, halafu akawa anauliza kwa macho, halafu Juni akaacha kuuliza, na Irakoze akawa anapita dirishani kwa kuinama ili asionekane. Aliandika ujumbe kila mahali wazee hao wanapokutana. Walimjibu kwamba jina hilo hawajawahi kulisikia, labda baba amechanganya kwa sababu ya ugonjwa.

Tarehe 15 Julai alijibiwa na fundi bomba mstaafu. Aliandika kwamba yeye ndiye aliyekuwa anapiga ngoma. Kwamba walitengeneza kanda sitini tu, mwaka 1981, na hata mke wake hajawahi kuisikia hadi mwisho. Aliuliza mara tatu kama kweli ni Tanzania. Nakala yake ilikuwa darini. Siku mbili baadaye akaituma kwenye simu.

Tulikusanyika wote chumbani. Irakoze akabonyeza wimbo wa tatu. Gitaa likaanza, na uso wa Baba ukakunjamana.

"Siyo huu."

"Ni huu, Baba. Ameutuma mwenyewe."

"Hawa wanakimbilia wapi? Wimbo wangu unatembea. Hawa wanafukuzwa na nyuki."

Irakoze akatazama simu, akatazama ile redio kaseti mezani, akaifungua nyuma na kukuta ule mpira wa baiskeli, umelegea kama suruali ya mzee. Fundi aliyetengeneza redio za tarafa nzima alikuwa ameishi na mashine inayokokota miguu tangu mwaka 1988, na hakuijua. Ndiyo maana aliyerekodiwa kwake akisikilizwa kwingine alisikika kama anakimbizwa. Mama akashika kichwa. "Maskini Papa! Kumbe haikuwa fimbo!"

Irakoze akapunguza mwendo kwenye simu, kidogo, kidogo tena, Baba akiwa amefumba macho na kidole juu, mpaka akakishusha. "Hapo." Wimbo ukapanda kilima chake. Akausikiliza mara nne. Mama aliusikiliza naye, ameshika mkono wake, na wa nne ulipokwisha alisema ni kweli, hata yeye angekaa chini.

Kisha Baba akaagiza mwenye ngoma aambiwe ukweli: kazi nzuri, lakini walikimbia. Irakoze akasita, akaandika hivyohivyo. Jibu lilikuja kabla ya chakula cha mchana. "Mwambie baba yako kwamba wenzangu wote watatu walinigombeza hilohilo studio. Waliutunga uende taratibu. Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa na haraka. Wawili wamekufa bila kuusikia ulivyotakiwa kuwa. Naomba nitumiwe wa kwake."

Baba akasomewa mara mbili. Akasema, "Mtumie."

Alifariki nyumbani Kasulu, Alhamisi tarehe 21 Agosti 2025, saa tatu asubuhi, akiwa na umri wa miaka 61.

Ameacha mjane, Chantal, watoto watatu, Irakoze, Destin na Niyubahwe, dada yake, Marguerite, mjukuu mmoja, na huko Uingereza, mpiga ngoma mmoja aliyetuandikia jana kwamba ameusikiliza na mke wake hadi mwisho.

Apumzike kwa amani, pasipo mtu wa kumharakisha.